UZI: Unakuja Marekani kuendesha teksi, limo au Uber? Leseni mfukoni peke yake haikufikishi, ingia hapa kabla hujanunua gari

Deiwaka Mstaafu

Wakuu habari za saa hizi.

PM yangu imejaa swali moja tu, "kaka nimepata leseni ya udereva ya huku, kesho naweza kuwasha apu nianze kazi?" Wengine hata visa hawajagonga wapo Tabata wananiuliza wanunue Camry au RAV4. Nimechoka kujibu mmoja mmoja ndo maana nimeona nishushe uzi, ni mrefu kidogo, mwenye chai achukue chai.

Mimi huku nina mwaka wa tisa. Nilianzia New York, sasa hivi nipo Houston, na kabla ya hapo nilikuwa deiwaka kwenye kijiwe cha teksi Kinondoni, hesabu ya bosi kila jioni ipatikane isipatikane. Kwa hiyo nikiongea habari za teksi siongei za kusoma.

Kitu kinachowachanganya wengi ni kwamba tumezoea serikali moja. Bongo ukisema kibali cha kubeba abiria watu wanajua LATRA, Kenya wanajua NTSA, yaani kuna mlango mmoja hata kama foleni yake ni ndefu. Huku hakuna huo mlango. Hakuna kitu kinaitwa sheria ya teksi ya Marekani. Kila jimbo lina lake, na ndani ya jimbo mji una wake, na uwanja wa ndege nao una wake juu ya hayo, unaweza ukavuka daraja moja tu ukawa umetoka kwenye uhalali ukaingia kwenye makosa na gari ni lilelile na leseni ni ileile.

Halafu hawa jamaa hawaangalii gari, wanaangalia abiria kakupataje. Hapa shikeni vizuri. Abiria akinyoosha mkono barabarani ukasimama, wewe ni teksi. Akikubuk mapema kwa simu, bei ikajulikana kabla, wewe ni limo, na msidhani limo ni lile ligari refu la harusi tu, Camry nyeusi ya kawaida kwenye makaratasi inaweza kuwa limo, kuna sehemu wanaita livery, New York wana na black car. Akikuita kwa apu, majimbo mengi yana kundi la tatu wameliita TNC, yaani kampuni za usafiri wa mtandao, hilo lilizaliwa California Septemba 2013 pale tume yao ya huduma za umma ilipoona Uber na Lyft si teksi si limo, wakawatungia jina. Majimbo mengine yakafuata, Colorado ndo bunge la kwanza kupitisha sheria yake, 2014.

Kwa hiyo Camry moja inaweza kuwa halali saa 4 asubuhi na haramu saa 4 na dakika 10, kutegemea kichwa kimeingiaje. Ulizeni nijibu nikipata foleni.

---

Mbagala kwa Mzungu

Nimewahi siti ya mbele. Mkuu swali langu, hiyo New York nasikia kuna kibali cha teksi kilikuwa kinauzwa dola milioni moja, ni kweli au ni zile stori za kijiweni?

---

Deiwaka Mstaafu

Ni kweli kabisa mkuu. Linaitwa medallion, ni bati linagongewa kwenye boneti ya zile teksi za njano. Mwaka 1937 mji uliweka sheria ya kuzuia idadi ya teksi, mpaka leo zipo 13,587 tu, na anayeruhusiwa kuokota mtu wa mkono barabarani katikati ya Manhattan ni huyo mwenye bati peke yake. Sasa kitu kikiwa kichache na mji unakua, bei inapanda. Ilipofika 2014 bati moja lilivuka dola milioni. Wahamiaji wenzetu wakakopa benki kununua bati kama wewe unavyokopa kununua kiwanja, maana kila mtu aliambiwa halishuki bei.

Af Uber ikaingia na magari yasiyohitaji bati. Bei ikaporomoka mpaka chini ya laki mbili na deni liko palepale. Kuna madereva walijiua, hii si stori ya kuchekea. 2021 wakagoma kula nje ya ofisi ya meya siku 15, ndo mji ukakubali kuyadhamini madeni yao na kuyashusha mpaka dola 170,000.

Mimi nilimkuta mzee mmoja wa Bangladesh ana bati, anaendesha saa 12 kwa siku ana miaka 67. Aliniambia "usinunue karatasi, nunua gari". Nimelishika hilo mpaka leo.

---

Kisu cha Mfupa

Sasa hao wa Uber wa New York hawasajiliwi? Maana umesema hawahitaji bati

---

Deiwaka Mstaafu

Wanasajiliwa kuliko sehemu yoyote ninayoijua mkuu, huko ndo nilipotolewa jasho. New York mjini hakuna hiyo TNC. Uber na Lyft wote wapo chini ya tume ya teksi na limo ya mji, TLC, kundi moja na magari ya kubuk. Dereva unatakiwa leseni ya TLC juu ya leseni yako ya kawaida, ada ni dola 252 kwa miaka mitatu, hapo bado alama za vidole, kupima dawa za kulevya, darasa la saa 24 na mtihani wake, darasa la kumhudumia abiria wa kiti cha magurudumu, kozi ya udereva wa kujihami. Mimi ilinichukua kama miezi mitatu, nilikuwa naosha vyombo usiku nasoma mchana.

Hapo umeruhusiwa wewe. GARI nalo linahitaji leseni yake na pleti namba yake, inaanza na T inaishia na C. Sasa Agosti 2018 mji ukafunga kutoa hizo za magari, isipokuwa machache kama ya viti vya magurudumu. Oktoba 2023 wakafungua kwa magari ya umeme, watu wakakimbilia kuchukua mikopo ya Tesla, Novemba mahakama ikasimamisha. Kwa hiyo leo mgeni akifika anayo leseni yake safi lakini hana pleti, anaishia kukodi gari la mwenye pleti kwa wiki. Mimi nilikuwa natoa dola 430 kila Jumatatu, iwe umeumwa iwe theluji. Nilicheka siku ya kwanza maana niliikimbia hesabu ya bosi Kinondoni nikaikuta imenisubiri Bronx.

Na angalieni kioja hiki. Nje ya mji, kule Buffalo na Albany, ni jimbo lilelile la New York lakini wao wana sheria ya TNC ya jimbo tangu Juni 2017, hawahitaji pleti ya T. Dereva wa Buffalo akimleta mtu Manhattan sawa, kumchukua mwingine hapo hapana.

---

MtaniWaJersey

Naongezea hapo mkuu kwa ruhusa yako. Mimi nipo Newark, New Jersey, hii inatuuma sana sisi. Unampeleka mtu Manhattan dola 70, kurudi unarudi mtupu, apu yenyewe inakuzimia ukishaingia mjini. Wenye limo ndo wanakula, wao wana sheria ya shirikisho ya 2002 inayosema limo yenye kibali cha jimbo lake, safari ikiwa imebukiwa kabla, jimbo jingine haliwezi kukudai leseni yake kwa safari hiyo. Anampeleka mtu uwanja wa ndege wa JFK, anamsubiri mteja wake mwingine aliyebuk, anarudi naye. Ila bima ya limo Jersey ni dola milioni moja na nusu, ukiangalia hiyo premium ya kila mwezi unaiacha mwenyewe bila kuambiwa.

---

Chai ya Rangi

Mnatutisha bana. Mimi nipo huku mwaka wa 3, nina apu lakini vichwa vya nje napiga kama kawaida, mtu ananipa keshi namshusha naondoka, sijawahi kukamatwa hata siku moja. Acheni kukaririshwa sheria za wazungu

---

Deiwaka Mstaafu

Mkuu Chai ya Rangi mimi nilikuwa na mdomo huohuo mpaka siku moja. Nimeshusha mtu uwanja wa ndege mmoja usiku, mvua, mzee mmoja kavaa koti zuri na begi kanifuata dirishani, "dereva, Brooklyn shilingi ngapi?" kwa kiingereza cha upole kabisa. Nikasema 60. Akafungua mlango akakaa, akatoa kitambulisho. Mkaguzi. Kavaa kiraia. Faini ilikula wiki zangu mbili na gari likavutwa, la watu lile, mwenye gari akanidai na siku alizokaa bila hesabu.

Lakini faini si kitu, niliomba Mungu usiku ule nikashukuru ni faini. Fikiria ungepata ajali na huyo kichwa ndani. Sikilizeni sehemu ya bima, naomba mtu asiruke hapa.

Majimbo mengi bima ya apu imekatwa vipande. Apu imezimwa, upo kwenye bima yako binafsi. Apu imewashwa unasubiri, kuna bima ndogo ya kampuni, kawaida dola 50,000 kwa aliyeumia mmoja, 100,000 kwa ajali nzima na 25,000 ya mali. Ukikubali safari mpaka unamshusha, inakuwa dola milioni moja. Sasa kichwa cha keshi kipo kipande gani? Hakipo popote. Apu haikijui, na bima yako binafsi ukisoma yale maandishi madogo imeandikwa hailipi ukibeba abiria kwa malipo. Yaani mtu akivunjika mguu kwenye gari lako ni wewe na yeye na wakili wake. Na mawakili wa ajali huku wana mabango barabarani makubwa kuliko ya Coca-Cola.

Na hata ukiwa halali, piga simu bima yako useme unaendesha apu, uongezewe kile kipengele cha rideshare, yaani cha kubeba abiria wa apu. Wengi wanaficha waokoe dola 20 au 30 kwa mwezi, siku ya ajali bima inafutwa yote.

---

Chai ya Rangi

Duh. Sawa mzee nimekuelewa. Hiyo ya bima sikuwa naijua kusema ukweli

---

Msafiri_254

Niko Minneapolis, wasee wa hapa wengi ni Wasomali na sisi wa Kenya kidogo. Huku vita haikuwa ya vibali, ilikuwa ya pesa. Mji wa Minneapolis ulipitisha kiwango chake cha malipo ya dereva mwaka 2024, Uber na Lyft wakasema wanatoka kabisa, ikabidi bunge la jimbo liingilie kati liweke kiwango kimoja cha jimbo lote, dola 1.28 kwa maili na senti 31 kwa dakika. Madereva walitaka zaidi ya hapo, lakini si haba. Cheki vile ni tofauti na nyumbani, Kenya zile kanuni za 2022 za NTSA ziliikaba kampuni kwenye komisheni, isizidi asilimia 18. Huku hawagusi komisheni, wanasema dereva apate angalau hii kwa maili, zingine shauri yenu. Sijui gani ni poa. Nairobi kampuni zilitafuta njia ya kuweka ada zingine pembeni, na hapa wanapandisha bei abiria wanapungua.

---

Mbagala kwa Mzungu

Hiyo ya kutishia kuondoka hata sisi tunaijua. Aprili 2022 LATRA waliposema komisheni isizidi asilimia 15 Uber si walifunga Dar wakaondoka? Wakarudi Januari 2023 baada ya kuruhusiwa mpaka 25. Miezi tisa watu wanahangaika.

---

Deiwaka Mstaafu

Umenikumbusha Texas mkuu, mchezo uleule. Mji wa Austin ulitaka madereva wa apu wachukuliwe alama za vidole kama wa teksi. Kampuni zikamwaga zaidi ya dola milioni 8 kwenye kampeni ya kura, Mei 2016 wananchi wakapiga kura wakakataa kuwalegezea, Uber na Lyft wakazima apu mji mzima. Unajua kilichotokea? Hawakurudi kwa kukubali vidole. Walienda juu ya kichwa cha mji, bunge la jimbo likapitisha sheria Mei 2017 kwamba mambo ya apu ni ya jimbo, miji isiguse. Wakarudi wiki hiyohiyo.

Ndo maana mimi nilivyohama kutoka New York kuja Houston nilidhani wananidanganya. Huku kampuni ndo inasajiliwa na jimbo, wewe dereva hakuna ofisi ya serikali unayokwenda kwa ajili ya apu, kampuni inakukagua yenyewe, unaweka leseni, bima na picha za gari, siku chache unafanya kazi. Lakini ukitaka teksi au limo hapahapa Houston, hiyo ni ya mji, unarudi kwenye kupanga foleni ya vibali. Gari mbili zinasimama taa moja, moja ina stika za kibali na nyingine haina kitu, wote wanabeba watu walewale wa uwanja wa ndege. Mwenye teksi akinitazama vibaya namwelewa kabisa, nimekaa upande wake.

---

Bi Mkubwa wa Worcester

Wanangu mimi sipo kwenye udereva ila mwanangu anaendesha huku Massachusetts, naona mmesahau huku. Hapa jimbo lenyewe linakukagua baada ya kampuni kukukagua, sheria ya 2016. Walipoanza 2017 walipitia madereva karibu 71,000 waliokuwa tayari wamepita kwenye kampuni, wakawakataa zaidi ya 8,200. Wengine ni makosa makubwa, lakini wengine ni leseni iliwahi kusimamishwa kwa sababu ya faini za barabarani. Mwanangu alikataliwa kwa hilo, faini ya 2013 alikuwa ameisahau kabisa, ikabidi akate rufaa, wiki sita bila kazi na kodi ya nyumba inasubiri. Kwa hiyo anayekuja huku aombe kwanza rekodi yake ya udereva aione kabla wao hawajaiona.

---

Deiwaka Mstaafu

Shikamoo mama. Hii ni nondo kabisa, asante. Na ni kweli, hata kwenye majimbo laini rekodi ya barabarani ndo inayotoa watu wengi kuliko rekodi ya polisi.

---

Kopo la Asali

Wazee mimi nina wazo la biashara naombeni mnipe ukweli. Kuna jamaa anauza limo lile refu, watu 14, dola 18,000 tu, nipo upstate New York, yaani jimboni nje ya mji. Nataka nipige harusi na sherehe za wanafunzi. Nikisajili kama limo si nimemaliza?

---

Deiwaka Mstaafu

Mkuu kabla hujatoa hata mia, tafuta habari ya Schoharie. Ni hukohuko upstate. Oktoba 6, 2018 vijana walikodi limo refu waende kusherehekea birthday, walikodi ili wasiendeshe wakiwa wamelewa, yaani walifanya jambo sahihi kabisa. Gari lilikuwa Ford Excursion ya 2001 iliyokatwa katikati ikarefushwa. Breki zikafa kwenye mteremko, likapita makutano likaishia bondeni. Watu 20 walikufa, 17 abiria wote, dereva, na wawili waliokuwa wamesimama tu nje ya duka.

Na hilo gari lilikuwa LIMEFELI ukaguzi wa jimbo mwezi mmoja kabla. Aliyekuwa anaisimamia kampuni alilirudisha barabarani hivohivo. Dereva naye hakuwa na leseni ya daraja la kubeba watu wengi namna ile. Huyo msimamizi alihukumiwa 2023, akafungwa jela.

Kwa hiyo jimbo likakaza. Kuanzia abiria 9 dereva anahitaji leseni ya biashara yenye idhini ya abiria, gari likaguliwe na idara ya usafirishaji ya jimbo, mikanda kila siti. Ukivuka kwenda Jersey au Pennsylvania na gari la watu 9 mpaka 15 kwa malipo unaingia kwenye shirikisho, unahitaji namba ya USDOT, yaani ya idara ya usafirishaji ya shirikisho, na bima ya dola milioni moja na nusu, na wakikuhesabia siti 16 na dereva ndani yake inapanda milioni tano. Hesabu siti zako vizuri. Ndo uelewe kwa nini jamaa anauza 18,000.

---

Kopo la Asali

Nimeangalia habari yenyewe sasa hivi. Nimeshamwambia jamaa sinunui.

---

Kisu cha Mfupa

Mimi niulize la mwisho mkuu wa uzi, mtu yupo na kibali cha kazi cha ukimbizi anasubiri kesi, anaweza?

---

Deiwaka Mstaafu

Kibali cha kazi kikiwa hai na namba ya social, ile ya hifadhi ya jamii, anayo, anaweza, wapo wengi. Kinachowakwamisha ni apu zinataka uwe na leseni ya Marekani angalau mwaka mmoja, na kama upo chini ya miaka 25 ni mitatu. Uzoefu wako wa Mwenge hadi Kariakoo hauhesabiwi hapo. Na kibali kikikaribia kuisha omba upya mapema sana, leseni ya majimbo mengi inaisha tarehe ileile ya kibali, leseni ikiisha apu inazima yenyewe.

Na jingine dogo, andika maili zako kila siku toka siku ya kwanza. Wewe huku si mwajiriwa, kodi ya kujiajiri ni asilimia 15.3 kabla ya ile ya mapato, kinachokuokoa ni maili, 2025 ilikuwa senti 70 kila maili moja unakata kwenye mapato yanayotozwa kodi. Mwaka wangu wa kwanza sikuandika hata moja, sitaki hata kuizungumzia ile barua ya watu wa kodi.

---

MtaniWaJersey

Hahahaha barua ile tumeisoma wengi

---

Deiwaka Mstaafu

Wakuu nipo kwenye foleni ya uwanja wa ndege nilikuwa namba 84 sasa naona nimekuwa 6, ngoja nisogeze gari. Aliyeniuliza PM kuhusu Seattle sijakusahau, kule kuna kiwango cha malipo cha jimbo zima toka 2023, nikimshusha huyu nitakuja niandike.